Nusu Sekunde

Saa nne usiku Kadutu imeshafunga meza zake za sambaza,
nami ndiyo kwanza navaa glavu.
Glavu nyeusi yenye nyaya, ya mkono wa kuume tu;
wa kushoto wameniachia nijikune.

Ng'ambo kuna mkono wa chuma uliofungwa relini,
ndani ya ghala nisilolijua hata harufu.
Nazijua taa zake. Naujua ufa wa sakafuni
karibu na nguzo ya saba,
kama mtu anavyoujua ufa wa kwao.
Kazi yangu ni mayai.
Yanakuja juu ya mkanda, mashine inayapanga yenyewe,
lakini yaliyolala upande, yaliyogandana na unyoya,
yale yasiyo na adabu,
inamwachia Nsimire, binti wa M'Cirhuza,
juu ya ngazi za udongo, Bukavu,
mlango wa bati uliopakwa buluu nusu.

Kati ya kidole changu na kile cha chuma
kuna nusu sekunde.
Nakunja. Nangoja. Kinakunja.
Wiki ya kwanza nilivunja mayai arobaini na moja
wala sikusikia hata moja likipasuka.
Niliona tu ute ukisafiri juu ya mkanda
na malipo yangu yakipungua pembeni mwa kioo.

Zihindula, aliyeanza kabla yangu, akaniambia:
"Usiukimbize. Mwenzio huyo ni mgeni.
Mpe neno, kisha mwache alitafune."

Mama alicheka nilipomsimulia,
cheko la upande mmoja,
maana upande wa pili tangu Pasaka hausikii amri.
Akitaka kikombe
huutazama mkono wake kwanza,
kama mzazi anayemwita mtoto aliyejitia uziwi,
na baadaye, kwa wakati wake, mkono unakwenda.
Kumbe naifahamu nusu sekunde hii.
Nimekula nayo bugali na sombe miezi saba.

Asubuhi moja alichukua yai la kuku wetu, bado lina joto,
akanitia kiganjani.
"Fumba macho. Lina uzito gani?"
Nikakosa jibu.
Nimebeba mayai ya kulisha mji mzima,
na sijawahi kubeba yai.

Juzi saa saba usiku kuran ikakatika.
Ruzizi ilikuwa ikimwaga maji yake kama kawaida, bila shaka,
ila sisi hatukuwa na habari nayo:
Kadutu giza, Nyawera giza,
mpaka Muhumba, ambako jenereta zilianza kukohoa.
Glavu ikawa kitambaa.
Na kule ng'ambo, nilijua, yai limebaki hewani
ndani ya mkono usio na mtu.

Nikakaa gizani, vidole nimevikunja.
Ujinga, najua. Waya umekufa.
Ungekuwa wewe, ungevifungua?

Nilisikia kitanda cha mama,
kisha blanketi,
kisha kimya kirefu,
halafu mkono wake ukanifikia begani.
Hakuuliza kitu. Alisema tu,
"Bado hujaliangusha."

Umeme ulirudi majirani wakipepea makala.
Kioo kikafunguka: mkanda umesimama, taa zilezile, ufa uleule.
Yai lilikuwa palepale.
Kuna mtu alipita, maana chini ya nguzo ya saba
palikuwa na kikombe ambacho hakikuwapo jana.
Alisimama, akanywa, akaondoka.
Hakuligusa.

Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi.
Nikavitazama kwanza, kama mama.
Nikafungua.
Nikangoja.
Likashuka.